Fundi Aliyepima Matumbo ya Kambale

Fundi hupenda kuisimulia habari hii mwenyewe kabla wengine hawajaisimulia. Akiwa nyuma ya cherehani yake, pini mdomoni, atakuuliza kama umewahi kumwona mtu mzima mwenye akili timamu akiwanenepesha kambale mpaka wakasahau kuzaa. Ukisema hujawahi, atakuambia umtazame vizuri. Kisha ataitoa pini, maana kicheko na pini havikai mdomo mmoja, na ataanza tangu mwanzo. Kila akisimulia, ujinga wake unaongezeka kidogo. Sisi tutausimulia kwa kadiri yake, ambayo inatosha kabisa.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: jicho. Aliamini kwamba mtu akiingia mlangoni, kabla hajasalimia, kiuno chake kimeshajulikana. Ile futi laini ya kupimia iliyomning'inia shingoni kutwa nzima ilikuwa ya kuwaridhisha wateja. Hasa alikuwa bingwa wa matumbo. Bibi harusi akija kujaribu gauni, Fundi aliweza kujua mambo ambayo mama wa bibi harusi hajaambiwa bado, na kwa adabu zake aliongeza upana kidogo bila kusema neno. Siku ya siku gauni likikaa vizuri, familia nzima ilimmwagia sifa, naye alitazama chini kama mtu asiyejua lolote.

Tumbo moja tu lilimshinda kulijua, nalo lilikuwa lake mwenyewe. Kila mwaka alifumua mshono wa nyuma wa suruali zake akaongeza upana, huku akiapa kwamba vitambaa vya siku hizi vinaruka na kubana vikifuliwa. Mkewe alimuuliza mbona mashati ya watoto hayaruki. Fundi alijibu kwamba ni kitambaa kingine.

Nguo za kununua zikiwa tayari zilipojaa madukani na wateja wakapungua, Fundi hakukaa kulia. Alijenga matangi ya saruji nyuma ya nyumba, akaenda kujifunza namna ya kuzalisha kambale, akarudi mtu mpya. Ilimbidi ajifunze kwa sababu kambale wa tangini hazai kwa hiari yake. Wa mtoni husubiri mvua na maji mapya, lakini wa kwenye saruji anasubiri sindano. Jioni jike hudungwa dawa ya homoni, na asubuhi hukamuliwa tumbo taratibu mpaka mayai yamiminike kwenye beseni kavu. Dume ndiye mwenye mkosi, kwa sababu mbegu zake hazikamuliki: lazima apasuliwe. Kwa hiyo kila harusi ya kambale ina msiba ndani yake, na ukikosea hesabu, dume wako amekufa bure. Mtaani wakampachika Fundi jina la Mkunga, naye akalipenda jina hilo kuliko alivyoonyesha.

Tatizo lilianzia jikoni. Mkewe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na kila jioni alirudi na ndoo ya mabaki: wali, mikate iliyokauka, viazi, na juu yake mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi. Mabaki hayo zamani walipewa kuku wa jirani. Fundi alipopata majike wake wa kuzalisha, aliipokea ile ndoo kama zawadi iliyotumwa kwa jina lake. Afisa wa samaki, binti mpole aliyekuwa akipita kukagua matangi, alimweleza mapema kwamba samaki wa kuzaa wana chakula chao: unga wa samaki, soya, vitamini, tena kwa kipimo. Fundi aliitikia kwa heshima zote na akatia pamba masikioni. Huyu binti, aliwaza, hajazaa hata mtoto mmoja, atajua nini kuhusu kumlisha mama mjamzito? Mama mjamzito hapimiwi kwa kijiko. Na zaidi ya hapo, afisa huyo hakukosa kutembea na mrija mwembamba wa plastiki anaousukuma ndani ya samaki kuvuta mayai machache ya kuyaangalia. Fundi aliona huko ni kumvunjia heshima jike wa watu. Kwa siri akamwita Bi Mrija.

Yeye hakuhitaji mrija. Alikuwa na futi. Ndiyo, tusicheke kabla ya wakati: alikuwa akiwatoa majike majini, anawafunika vichwa kwa taulo bichi, anawazungushia futi ya gauni tumboni. Vipimo vilipanda wiki baada ya wiki. Matumbo yakawa mviringo, laini, yanang'aa. Majirani walikuja kutazama, na Fundi alisimama kando ya tangi, mikono nyuma, tumbo mbele, akieleza kwamba hapo ndani mna vifaranga wa kujaza mabwawa ya watu wote wa upande huu. Aliyesimama karibu angeweza kuona kwamba yeye na samaki wake walikuwa wameanza kufanana, lakini nani amwambie?

Mtu mmoja aliyaamini yote hayo kwa moyo wake wote, naye ni mwanawe wa kwanza, binti yake. Alikuwa amejiunga na kina mama wenzake, wakachimba mabwawa kwa majembe yao kwenye ardhi ya bonde, na wakamfanya kiongozi wao. Mfanyabiashara mmoja alikuja kuwashawishi wachukue vifaranga kwake. Wenzake walikuwa tayari. Binti ndiye aliyekataa. Alisimama mbele yao akasema hakuna haja ya kuhangaika, baba yangu ni mkunga wa kambale, baba yangu atatuletea. Wakamkubalia kwa sababu ya maneno hayo tu. Mabwawa yakajazwa maji, yakakaa kusubiri. Fundi aliposikia jinsi binti yake alivyomtaja, alivimba kichwa siku nzima. Hakutambua kwamba tangu saa ile heshima ya binti yake kwa wenzake ilikuwa imening'inia kwenye matumbo ya samaki wake.

Mara ya kwanza aliandaa kila kitu kwa mbwembwe. Jioni aliwadunga majike wawili wanene kuliko wote. Asubuhi, kwa kuwa hakuwa na shaka hata chembe, alianza kwa kuwapasua madume wawili ili mbegu ziwe tayari. Hapo palitakiwa pamshtue, maana korodani zao zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Hakushtuka. Alisema mbegu si wingi. Akamshika jike wa kwanza, akapitisha kidole gumba tumboni kuelekea mkiani. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena. Yalitoka matone machache ya maji na utelezi. Wa pili vivyo hivyo. Fundi alilaumu dawa. Alisema imeharibika kwa joto, akaenda kutafuta nyingine.

Mara ya pili dawa ilikuwa mpya na barafu yake. Akachagua jike mwingine, yule aliyempenda zaidi, ambaye futi ilikuwa karibu isimtoshe. Safari hii mayai yalitoka, kijiko kama viwili hivi, meupe, mengine makubwa mengine madogo. Fundi alishangilia kana kwamba ni ndoo. Dume wa tatu akaenda na maji. Kesho yake mayai yote yalikuwa yameota ukungu kama mkate uliosahauliwa kabatini. Na jike mpendwa, aliyebonyezwa na mtu asiyetaka kuamini, alikuwa ameelea ubavu.

Binti alikuja siku hiyo, akatazama mayai, akamtazama baba yake. Hakulaumu. Alisema tu kwamba wenzake wameanza kuuliza, na kwamba yule mfanyabiashara amepita tena. Kisha akamwomba baba yake jambo moja: amwite afisa. Fundi angetamani mwanawe amkemee, kwa sababu upole ule ulimuuma zaidi.

Bi Mrija alikuja bila kinyongo. Alimweka jike aliyekufa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyokuwepo, akampasua tumbo kwa mkasi wa Fundi mwenyewe. Fundi alisogea karibu. Ndani mlikuwa na mafuta. Mafuta mazito, meupe yenye unjano, yamejaza kila kona na kuyabana matumbo. Ini lilikuwa limepauka, linameremeta. Afisa alifukua kwa ncha ya mkasi mpaka akaipata mifuko ya mayai, imesinyaa pembeni, myembamba kama mikanda ya gauni.

Fundi, ambaye hakuna tumbo lililomdanganya kwa miaka yote hiyo, alikaa kwenye kiti cha wateja.

Afisa alimweleza taratibu. Alisema sindano ni amri ya mwisho tu: inaliambia yai lililokomaa kwamba muda wa kutoka umefika, lakini haiwezi kuliamuru yai ambalo halikutengenezwa. Kazi ya kulitengeneza huanza miezi mingi kabla, na huanzia kwenye chakula. Kichwa cha samaki hutuma ujumbe kwenye mifuko ya mayai, mifuko hutoa homoni ya kike, na homoni ile huenda kuliambia ini litengeneze kiini cha kulijaza yai. Chakula kikiwa wali na mafuta ya kukaangia, ujumbe unafifia, homoni inashuka, na hata ikifika kwenye ini, ini halina cha kutengenezea. Limeshajaa mafuta. Na madume nao ni hivyohivyo, alisema, akitazama pembeni kwa adabu. Samaki anaweza kunenepa na bado akawa na njaa ya kuzaa.

"Mwanangu," Fundi alisema, "yaani mimi nilikuwa napima kitambi?"

"Ndiyo, mzee wangu."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo ya jioni ile mkononi, aliiweka chini. Aliangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Alipopata pumzi alisema kwamba daktari alimwambia mumewe maneno hayohayo mwaka jana, ini, mafuta, na kupunguza kula, naye mumewe alirudi nyumbani akasema daktari yule ni kijana mno.

Tangu jioni ile palikuwa na sheria moja ndani ya nyumba, na aliyeitunga ni mke: baba na samaki wake watakula kwa kipimo, pamoja. Ndoo ya mabaki ikarudi kwa kuku wa jirani. Majike waliobaki wakapewa unga wa samaki, soya, vitamini, na mafuta kidogo ya samaki badala ya yale ya kukaangia. Fundi akapewa mboga za majani, maharage, na kipande cha samaki cha kuchemsha ambacho alikitazama kama ndugu. Alilalamika kwamba kati ya wagonjwa wote wa nyumba hii, ni yeye peke yake asiyeongezewa vitamini. Alipokuwa akiwarushia samaki chakula chao, aliwaomba radhi. Mke wake alimsikia mara kadhaa akiwaambia kwamba na yeye ameshinda na njaa, wasidhani wako peke yao.

Binti ndiye aliyebeba mzigo mkubwa. Alirudi kwa wenzake akawaambia ukweli, kwamba baba yake amekosea na anajirekebisha, na akawaomba wasubiri msimu mmoja. Wengine walinuna. Wengine walipiga vijembe kwamba mkunga gani huyu anayeua wazazi. Walikubali kusubiri, ila walisema wazi: safari hii ikishindikana watamchukua yule mfanyabiashara, na watatafuta kiongozi mwingine. Binti hakumweleza baba yake hayo ya mwisho. Alimweleza mama yake, na mama hakuwa na siri katika mambo ya aina hiyo.

Dume alibaki mmoja. Fundi alimbatiza jina la Marehemu Mtarajiwa, akawa anamsalimia kwa heshima kila asubuhi.

Miezi ilipita. Majike wakapungua. Lile duara laini lililompendeza Fundi likaondoka, wakawa warefu, wepesi, wakali majini. Fundi aliwatazama na roho ikamshuka. Kwa jicho lake, hapakuwa na mzazi hata mmoja pale. Alipofika Bi Mrija siku ya kuamua, pamoja na binti yake, Fundi alikuwa ameshajiandaa kuomba muda zaidi.

Afisa alimshika jike mmoja, akaingiza mrija, akavuta, akapuliza kwenye kisahani. Mayai yalikuwa ya rangi ya kijani iliyofifia, yote ya ukubwa mmoja, kama vichwa vya pini. Alisema yako tayari. Lakini mwenye samaki ni mzee, akaongeza, na dume ni mmoja, kwa hiyo uamuzi ni wake.

Fundi alilitazama lile tumbo jembamba kwa muda mrefu. Miaka yake yote ya gauni na viuno ilimwambia hapana. Mkono wake ulikuwa umeshaishika ile futi shingoni, bila yeye kujua.

"Baba," binti alisema, "unaonaje?"

"Jicho langu linakataa."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi silisikilizi tena. Lete sindano."

Aliogopa, na anasema wazi kwamba aliogopa kuliko siku ya ndoa yake. Asubuhi yake kina mama wote wa mabwawa walikuwa wamefika uani. Binti aliwaalika mwenyewe, akasema kama ni kuaibika, tuaibike wote tunaonana. Fundi alivaa suruali yake ya heshima, ile ya kijivu aliyoifumua mwaka jana na kuiongeza upana, akaanza kazi.

Jike aliguswa tu. Mayai yalitiririka kwenye beseni bila kubonyezwa, yakajaza sakafu ya beseni, yakaendelea. Kina mama wakasogea karibu. Fundi alikwenda kwa Marehemu Mtarajiwa, akamwomba msamaha kwa sauti ya chini, akafanya lililobidi. Safari hii korodani zilikuwa nene na nyeupe. Akakamulia mbegu juu ya mayai, binti akamimina maji safi, na Fundi akakumbatia beseni kwa mkono mmoja na kuanza kukoroga kwa unyoya wa kuku kwa mkono wa pili, polepole, bila kusita. Hapo hakuna kusimama. Maji yakishaingia, mbegu za kambale zina kama dakika moja tu ya kuishi, na ndani ya dakika hiyo ama zimelipata yai ama basi.

Ni ndani ya dakika hiyo suruali ilipoanza kushuka.

Aliisikia ikiteleza nyongani. Alitanua miguu, ikasita. Akavuta pumzi kujaza tumbo, akakuta hakuna tumbo la kujaza. Yule aliyepima viuno vya watu wote wa mtaa huu hakuwa amekipima kiuno chake kwa miezi, na mshono wote aliouongeza kwa kiburi ulikuwa sasa unamdai. Suruali ikafika magotini, ikafika chini. Mbele ya kina mama wale Mkunga wa Kambale alisimama katika bukta aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia, chenye maua makubwa ya zambarau. Mkono wake uliendelea kukoroga. Kama angeliachia beseni angeokoa heshima yake na kuyapoteza mayai. Anasema hakufikiri hata kidogo, na kwamba ndiyo mara pekee katika habari hii yote ambayo kutofikiri kulimsaidia.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Wengine walijifunika nyuso kwa khanga, wengine waligeuka nyuma kwa heshima huku mabega yakiwatetemeka. Mkewe alikaa chini kabisa. Katikati ya vicheko mama mmoja, mkali wao, aliyekuwa wa kwanza kumtaka yule mfanyabiashara, akauliza kwa sauti:

"Huyu ndiye baba yako uliyekuwa ukitutambia?"

Binti alikuwa ameshapiga magoti. Aliipandisha suruali, akaikunja kiunoni, akaichomoa ile futi shingoni mwa baba yake na kumzungushia mara mbili. Alivuta fundo likakaza, vilevile baba alivyokuwa akimfunga mkanda wa sare ya shule zamani, kwa goti moja chini na ulimi nje kidogo. Kisha akasimama karibu naye.

"Ndiye," alisema. "Huyu ndiye baba yangu."

Fundi aliendelea kukoroga. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, hakuweza kuyafuta.

Hapo ndipo anapoishia kusimulia, na wateja humkasirikia. Humuuliza mayai yalifikia wapi. Fundi huinamia cherehani yake, ile futi shingoni, imelegea katikati tangu ilipofungwa fundo, kiasi kwamba haiaminiki tena kwa vipimo vya karibu.

"Yaliangua," hujibu. "Vifaranga walijaa mabwawa yote. Ila mwanangu aliyasema maneno yale wakati mayai bado ni mayai."

Halafu huirudisha pini mdomoni.